Kijapani kwenye leptopu ya mamdogo

Mamdogo alinipigia saa tatu usiku, stima ndo kwanza imerudi, nikashtuka manake yeye saa hizo huwa ashalala zamani. Nikadhani kuna mgonjwa. Kumbe ati kuna alama imempotea kwenye leptopu.

"Shikamoo mamdogo. Alama gani?"

"Marahaba. Ile ya imeli, ile a iliyozungushiwa mkia. Nabonyeza pale pale pa siku zote, vinatoka viukucha viwili."

"Umegusa nini?"

Kimya. Halafu akasema kwa sauti ya chini kama mtoto aliyevunja kikombe, "Nimetia Kijapani."

Sasa kwa wasiomjua. Mamdogo ana nyumba Mkomani, hapa Lamu, nyumba ya urithi, vyumba vinne anakodisha wageni, na juu kuna kipaa cha makuti cha kunywea kahawa. Kuna mama mmoja wa Kijapani hii ni kaskazi ya tatu anakuja, ugonjwa wake ni milango ya nakshi, anashinda vichochoroni na daftari anachora, punda wanampita wamebeba mchanga na yeye hana habari. Wamezoeana sana na mamdogo, huyu kamfundisha mwenzake ohayo na arigato, huyu kamfundisha mwenzake kufunga leso na kusoma jina la leso, basi ikawa usuhuba. Safari hii akaandika kwamba anakuja na wenzake watatu na hao Kiingereza chao ni cha kuokoteza, na mamdogo kwa heshima zake akaona ni aibu zile karatasi zake za ukutani, vueni viatu, msivute sigara, msitupe karatasi chooni, ziwe Kiingereza tupu.

Kwenye simu Kijapani anaandika bila tabu, yule mgeni alimtilia kibodi yake mwaka jana na ilikuwa kazi ya dakika mbili. Lakini karatasi za ukutani hazichapwi kwa simu, angalau si kwa mamdogo, yeye anataka leptopu, herufi kubwa, na fremu ya maua pembeni. Na leptopu yenyewe ni ya mkono wa pili, Kiingereza mwanzo mwisho, mimi ndo nliyeitia Ubuntu 22.04 manake ile Windows iliyokuja nayo ukiiwasha unapata nafasi ya kuchemsha birika la chai na kulinywa. (Jina Ubuntu limetoka lugha za Kinguni za Afrika Kusini, ni ndugu wa huu "utu" wetu, mamdogo nlipomwambia hivo akaipenda mashine siku ile ile.)

Kesho yake asubuhi nikaenda. Na nikaona alichofanya, na wallahi si kosa la mjinga, ni kosa ambalo mtu yeyote anayeanza atalifanya, mimi mwenyewe ningelifanya kama si kwamba nlishalifanya zamani. Aliingia Settings, akaenda Keyboard, sehemu ya "Input Sources", akabonyeza ile alama ya kujumlisha, akatafuta Japanese, akaiona, akaichagua. Nani asingefanya hivo? Imeandikwa Japanese.

Ila ile Japanese peke yake ni mpangilio wa vitufe tu. Inaiambia kompyuta kwamba mbele yako kuna kibodi iliyotengenezwa kwa soko la Japani, na kibodi hizo herufi zake za a b c ziko pale pale tunapozijua ila alama zimehamahama, Shifti na 2 inatoa viukucha, na @ imehamia kulia kwa P pale penye mabano ya mraba. Kwa hivo mamdogo hakupata hata herufi moja ya Kijapani, alichopata ni kuhamishiwa alama, na paswadi yake ya imeli ina @ ndani, akajaribu mara tatu akafungiwa nje. Ni sawa na kumvisha mtu kanzu na kofia ya vito ukangoja akusomeshe tafsiri. Kanzu haileti ilimu.

Kinachotakiwa ni kitu kingine kabisa, ni programu inayokaa katikati ya vidole vyako na maandishi, wewe unaandika kwa herufi hizi hizi za kawaida yenyewe inageuza. Mkalimani. Na ukishakuwa naye huna haja ya kununua kibodi ya Kijapani wala kubandika stika juu ya vitufe, naona watu wanahangaika na stika bure.

Kwa nini lazima awepo mkalimani? Manake Kijapani kina maandishi ya aina tatu na yanachanganywa kwenye sentensi moja. Kuna hiragana, herufi 46 za msingi, kila moja ni silabi, ka, ki, ku, ke, ko. Kuna katakana, nazo 46, sauti zile zile kwa sura nyingine, hizi ni za maneno ya kigeni zaidi. Halafu kuna kanji zilizotoka China, na hapo ndo shughuli, ile orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, ya mwaka 2010, ina 2136. Vitufe 2136 utavipanga wapi? Kabla ya kompyuta walikuwa na taipuraita zenye sinia kubwa la herufi zaidi ya 2000 za risasi, mpigaji anasogeza mkono wa chuma anaokota moja moja. Mwaka 1978 Toshiba ndo wakatangaza mashine ya kwanza ya kuuzwa iliyoweza kupokea silabi na kukugeuzia kuwa kanji, JW-10, ukubwa wa meza ya ofisi na bei yake yen milioni 6.3. Leo kazi ile inafanywa na programu ya bure kwenye leptopu ya mkono wa pili Mkomani, na haihitaji hata intaneti ikishaingia, kamusi yake yote iko ndani ya mashine.

Programu yenyewe kwenye Ubuntu inaitwa Mozc. Ilitoka kwa Google, ni ndugu wa ile yao ya Kijapani ila hii msimbo wake uko wazi. Nilirushia leptopu intaneti kutoka kwa simu yangu, nikafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikaandika:

sudo apt update
sudo apt install ibus-mozc

Inauliza paswadi, ukiandika hakuna kinachoonekana kwenye skrini, hata nyota, wewe andika tu na upige Enta, usifikirie kibodi imekufa. Mamdogo hapo aliingiwa na wasiwasi, "mbona haiandiki?" Nikamwambia mamdogo inaandika, inaficha tu.

Ikamaliza. Tukarudi kwenye ile orodha ya Input Sources, tukatafuta, hamna. Japanese ni ile ile ya jana. Hapa ndo watu wengi wanaokata tamaa na kwenda kuinstoli tena na tena mpaka bando linakwisha, na dawa yake ni ndogo, logi auti halafu uingie tena. Si kufunga kifuniko, kifuniko ukifunga mashine imelala tu, ni kutoka kabisa. Tulipoingia tena ikawa iko, chini ya Japanese kuna ile iliyoandikiwa Mozc mbele yake. Hiyo ndo ya kuchagua. Na ile ya kanzu tukaiondoa isije kumchanganya tena, English ikabaki ya kwanza na @ ikarudi kwao.

Kubadilisha kutoka lugha moja kwenda nyingine unabana kile kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na spesi. Mamdogo akabana. Akaandika. Zikatoka a b c.

Akaniangalia. Nikamwambia mamdogo subira, bado mlango mmoja. Mozc ukiichagua inaanza imelala, iko kwenye hali ya kupitisha herufi moja kwa moja, kwa hivo unakuwa umeshaingia kwa mkalimani ila hajafungua mdomo. Juu kulia pale panapoonyesha lugha ukibonyeza inashuka menyu, unatafuta "Input Mode", ndani yake unachagua "Hiragana". Ukiona あ badala ya A hapo juu ujue yuko macho. Sijui nani aliamua iwe hivi, mimi ningeiacha ianze ikiwa macho, mtu akichagua Kijapani si anataka Kijapani?

Basi akabana k na a, ikatokea か. Weee! Akaita msichana wa kazi aje aone.

Na hapa ndo nataka kusema kitu ambacho sijaona mtu akisema, labda kwa sababu maelezo yote ya haya mambo yanaandikwa na Wazungu kwa Wazungu. Mswahili akiandika Kijapani kwa herufi za kilatini ana nusu ya kazi ashaimaliza kabla hajakaa kitini. Irabu zao ni zetu, a i u e o, na zinatamkwa karibu kama zetu, hakuna mambo ya a inayosomwa ei. Silabi zao karibu zote zinaishia kwa irabu. Hata maneno ya kuazima wanayatia irabu mwishoni kama sisi, sisi tunasema basi wao wanasema basu, sisi hoteli wao hoteru, sisi kibodi wao kiibodo. Yule mgeni akimwambia mamdogo neno la Kijapani mamdogo analiandika kama alivolisikia, arigato, sakana, kodomo, na Mozc inalielewa mara nyingi. Nimewahi kumuona Mwingereza mmoja pale sifronti akihangaika na jambo hilo hilo kwenye leptopu yake, yeye hata "karibu" anaiandika na vipande vya ajabu.

Ila kuna pa kujikwaa, na papo hapo ni kwa sababu sisi ni Waswahili.

Kwanza m. Mamdogo alitaka kuandika orodha ya chakula cha asubuhi, akaanza na mkate. Ikatoka mかて. Ile m imesimama peke yake kama mtu aliyeachwa na boti. Manake sisi tuna m inayosimama bila irabu, m-ka-te, m-ba-a-zi, wao hawana, lazima uipe u, mukate. Mahamri ikawa mahamuri. Akasema basi wanaongea kama watoto wa bara, mu mu mu, nikanyamaza mimi, wasomaji wangu wa bara mnisamehe.

Halafu mwishowe kwa mkate tukaandika pan tu, パン, manake wao mkate wanauita hivo na neno wamelipata kwa Wareno waliofika kwao mwaka 1543. Wareno hao hao walioshuka Malindi na Vasco da Gama mwaka 1498 na ndo wametuachia sisi neno leso. Kwao wakaacha mkate, kwetu wakaacha kitambaa. Mamdogo akasema kwetu waliacha na mizinga pia.

Pili ni l. Kijapani hakina l. Ukiandika la haikwambii hakuna, inakutolea ぁ, a ndogo ya kubandikia, kwa hivo mamdogo alipoandika lamu kwa bango la mlangoni ikatoka ぁむ, kitu kisichosomeka. Andika ramu, halafu bonyeza F7 iwe katakana, ラム. Hapo sawa, hivo ndo wanavoiandika kweli. Sasa mimi kwa kimbelembele changu nikatafuta neno hilo lina maana gani kwao, nikakuta ラム ni nyama ya kondoo, na vilevile ni ile pombe ya miwa, ramu. Heri nisingemwambia. "Pombe? Mji wa Habib Swaleh, yule sharifu wetu?" Ikabidi tuongeze kanji ya kisiwa mwisho, 島, ikawa ラム島, kisiwa cha Lamu, hapo hakuna wa kuchanganya na chupa. Ramutou, hivo ndo inavosomwa, unaandika tou kwa sababu o ni ndefu. Wa Malindi nyinyi mna bahati, ile ndi yenu ukitaka itoke sawasawa unaandika dhi, marindhi, マリンディ. Dhi ya Kiswahili kabisa, kama ya dhiki, ila huko inatamkwa di.

Tatu ni n, na hii ndo iliyotupotezea asubuhi nzima. Kuna n inayotangulia irabu, na, ni, nu, na kuna n inayosimama peke yake, ん, nayo wanayo, hii afadhali. Mamdogo alitaka karatasi ya msivute sigara. Mgeni alishamwambia zamani neno ni kin-en. Akaandika kinen, akabana spesi, zikatoka kanji mbili nzuri tu, 記念, akapiga Enta, akaikuza mpaka ikajaa karatasi, fremu ya maua pembeni. Kumbe hiyo ni kumbukumbu. Yaani ukutani kwa mamdogo, juu ya kitanda, pangeandikwa KUMBUKUMBU, na mgeni avute sigara zake akikumbuka anachokumbuka. Manake kompyuta imesoma ki-ne-n, na yeye alitaka ki-n-e-n. Unaitenganishaje? Unaandika n mara mbili, kinnenn, au unatia alama ya juu, kin'en. Na hapo nikamwambia mamdogo hii si unaijua, ni ile ile ya ng'ombe na ngoma, alama ndogo pale juu ukiisahau umeandika neno jingine. "Ah," akasema, "basi si wangesema ni kama ng'ombe?" Akaandika kin'en, spesi, 禁煙. Hajakosea tena tangu siku hiyo.

Spesi ndo kitufe kikubwa kwenye haya mambo na kinafanya kazi ambayo hukuizoea. Sisi spesi ni kuacha nafasi. Kule hawaachi nafasi kati ya maneno, kwa hivo spesi ni kuuliza, unaandika sauti, unabana spesi, inakuletea kanji inayodhani ndo yenyewe, ukibana tena inakuletea orodha ushuke na mshale, ukiridhika Enta. Na kwa sababu maneno mengi yanafanana sauti, ushauri wangu mkubwa ni huu, usigeuze neno moja moja. Andika sentensi nzima ndo ubane spesi, ipate kuona neno limekaa na nani. Kami ni karatasi, ni nywele, na ni mungu pia, ukiigeuza peke yake ikakuchagulia vibaya utajikuta umewaandikia wageni wasitupe mungu chooni. Nlipomweleza mamdogo hilo alisema astaghfirullah mara tatu na toka hapo kila kami anaikagua kwa miwani.

Ila hata sentensi nzima nayo si salama wakati wote. Karatasi kubwa kabisa ilikuwa ya viatu. Hili ni jambo ambalo Wajapani hawahitaji kuelezwa kwa nini, kwao pia viatu vinaachwa mlangoni, nyumba zao zina mahali pake hasa panaitwa genkan, yule mgeni siku ya kwanza alipoingia kwenye daka la mamdogo alivua mwenyewe bila kuambiwa na hapo ndo mapenzi yalianza. Lakini mamdogo anasema karatasi ni karatasi, iwepo. Sentensi alipewa na mgeni kwa sauti, kwenye vois ya WhatsApp: koko de hakimono o nuide kudasai. Hapa vueni viatu tafadhali. Ile o katikati inaandikwa wo, hilo alishafundishwa. Akaandika yote mfululizo, spesi, ikageuka, ikapendeza, akapiga picha akamtumia.

Jibu likaja na vikaragosi vya kucheka mstari mzima.

Maana iliyotoka ilikuwa: hapa, vueni kimono. Yaani nguo. Mamdogo mtu wa buibui, mke wa mwalimu wa chuo, anawaambia wageni wavue nguo mlangoni.

Ilikuwaje? Kwa herufi za sauti tupu ni ここではきものをぬいでください, na hapo katikati unaweza kukata koko de / hakimono, hapa / viatu, au koko deha / kimono, manake ha ndo namna wanavoandika kile kineno wa, na koko dewa ni "hapa, kwa upande wa hapa". Mgeni akatueleza kwamba mfano huu ni wa kale kwao, ni mzaha wanaoujua tangu skuli, na sisi tumeuangukia wenyewe bila kutumwa. Kompyuta haina kosa, ilikata ilivoona.

Kurekebisha ni rahisi na ndo kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. Ukishabana spesi, kabla ya Enta, sentensi inakuwa imegawanywa vipande na kile unachokishughulikia kinaonekana kimekolezwa. Unabana Shifti na mshale wa kushoto, kipande kinafupika herufi moja, ile ha inaachiwa kipande kinachofuata, na papo hapo kimono kinageuka kuwa hakimono, 履物. Shifti na mshale wa kulia unarefusha. Mshale bila Shifti unahamia kipande cha pili. Mamdogo alikaa anafupisha na kurefusha, viatu, nguo, viatu, nguo, anacheka peke yake mpaka machozi yanamtoka. "Ndoo uone," ananiambia, "mato yangu haya yasije kunitia kwenye aibu." Tukahakikisha viatu. Nikamwandikia kwenye daftari lake la hesabu: sauti yote, spesi, kagua, Shifti na mshale, Enta.

Kuchapa sasa. Yeye hana printa, akabeba faili kwenye fleshi mpaka kwa mtu wa kuchapa, wa pale pale mjini, akarudi na karatasi nne zimejaa vijumba vitupu, mraba, mraba, mraba, na fremu ya maua. Pesa ameshatoa. Ile kompyuta ya kule haikuwa na fonti ya Kijapani, na kompyuta isipokuwa na herufi inachora kijumba, vijumba hivyo vina jina kabisa, vinaitwa tofu kwa sababu vinafanana na vipande vya ile tofu ya kuliwa, na zile fonti za Google zinazoitwa Noto jina lake ndo hilo, hakuna tofu. Leptopu ya mamdogo inazo, ya kule haikuwa nazo. Kwa hivo usibebe faili lenyewe, kwenye LibreOffice, ile programu ya kuandikia, uligeuze PDF kwanza, PDF inabeba fonti ndani yake na itachapika hata kwenye mashine isiyojua Kijapani wala Kichina. Hilo nlitakiwa kumwambia mapema, karatasi nne za tofu nazihesabu juu yangu.

Wenye Windows msidhani nimewasahau, kwenu ni rahisi zaidi ila kuna mtego mmoja. Settings, "Time & language", "Language & region", ongeza lugha, chagua Japanese. Kabla ya kukubali angalia kile kisanduku kinachosema iwe lugha ya kuonyesha Windows yote, kisiwe na tiki. Ukiacha tiki, ukitoka na kuingia tena menyu zote zitakuwa Kijapani na utahitaji kusoma Kijapani ili uiondoe Kijapani, nina jamaa Langoni yalimkuta, alikaa siku mbili anabonyeza kwa kubahatisha picha. Kubadilisha lugha ni kile kile kitufe cha nembo na spesi, na kuamsha あ ni Alt na kile kitufe cha juu kabisa kushoto chini ya Esc. Hayo ya n na l na Shifti na mshale ni yale yale.

Wageni washafika, wako juu kipaani sasa hivi wanakunywa kahawa chungu na haluwa. Mmoja wao alisimama mbele ya karatasi ya viatu akaisoma kwa sauti akainama kidogo, mamdogo naye akainama, sijui nani alikuwa anamwinamia nani.

Lakini amenianzishia jingine. Jana ametoa kwenye kasha barua za babake, babu yangu, zile alizokuwa akiwaandikia nduguze Siyu, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu kama walivokuwa wakiandika wazee wote hapa. Ati kama leptopu inaweza Kijapani, inashindwaje hiki? Nikamwambia hiki hakihitaji hata mkalimani, kitufe kimoja herufi moja, unaongeza Arabic pale pale kwenye Input Sources na umemaliza. Tukaongeza. Akatafuta pe ya nukta tatu kama alivyokuwa akiiandika babake, hamna, che hamna, manake Kiarabu chenyewe hakina sauti hizo. Ikabidi tuchukue Persian, Waajemi wanazo zote mbili. Neno la kwanza akaandika chai, چای. Akaisogelea skrini na miwani yake akaitazama muda, akasema nukta za babake zilikuwa kubwa zaidi.